Upigaji picha za mtaani usiku

Upigaji picha za mtaani usiku ni tawi la upigaji picha linalohusu maisha ya watu katika maeneo ya wazi baada ya jua kuzama: barabarani, sokoni, stendi ya mabasi, kituo cha treni, mbele ya maduka na kwenye vibanda vya chakula. Kwa kawaida mpiga picha hapangi watu wala haandai mandhari. Hutumia mwanga anaoukuta, kama vile taa za barabarani, mabango yanayong'aa, taa za magari, balbu za maduka au moto wa jiko la mkaa.

Tawi hili lilianza katika miji ya Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Katika karne ya 20 lilistawi sana nchini Japani, hasa Shinjuku, sehemu ya jiji la Tokyo yenye pilika nyingi usiku. Katika Afrika ya Mashariki linajulikana zaidi kupitia picha za jiji la Nairobi, lakini mazingira yake yapo pia katika miji midogo ya barabara kuu na ya machimbo, kama Masumbwe katika mkoa wa Geita, Tanzania.

Tawi hili huambatana na maswali ya sheria na maadili. Mpiga picha anayezunguka gizani na kamera anaweza kudhaniwa kuwa mwizi, mpelelezi au gaidi. Kwa upande mwingine, mtu anayepigwa picha usiku bila kujua anaweza kupata madhara ambayo mpiga picha hakuyawazia.

Historia

Mwanzo

Kamera za kwanza zilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo picha za usiku zilikuwa ngumu kupatikana. Hali ilibadilika baada ya daktari Mwingereza Richard Leach Maddox kueleza mwaka 1871 namna ya kutengeneza sahani kavu za jelatini. Sahani hizo zilizoboreshwa baadaye zilikuwa nyepesi kuhisi mwanga na hazikuhitaji kusafishwa papo hapo, kwa hiyo mpiga picha aliweza kutoka nje ya studio bila kubeba maabara yake.

Mwaka 1887 Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitangaza unga wa magnesi uliolipuka na kutoa mwanga mkali kwa muda mfupi. Jacob Riis, mwandishi wa habari mzaliwa wa Denmark aliyeishi New York, aliutumia kupiga picha ndani ya nyumba za maskini na kwenye vichochoro vya jiji hilo. Kitabu chake cha mwaka 1890 kilichangia kuleta mabadiliko katika makazi ya wafanyakazi. Hata hivyo, wengi wa watu waliomo katika picha zake walishtushwa na mlipuko wa unga huo gizani, na jambo hilo linatajwa hadi leo katika mijadala kuhusu ridhaa ya mpigwa picha.

Katika miaka ya 1890 Paul Martin mjini London na Alfred Stieglitz mjini New York walipiga picha za barabara usiku kwa kutumia mwanga wa taa zilizokuwapo tu. Waliacha kamera ikiwa wazi kwa muda mrefu, kwa hiyo watu waliokuwa wakitembea mara nyingi hawakuonekana. Yalibaki majengo, taa na barabara zilizolowa mvua.

Paris, London na New York

Brassaï, aliyezaliwa kwa jina la Gyula Halász mwaka 1899, alihamia Paris katika miaka ya 1920. Kitabu chake cha picha za usiku wa jiji hilo, Paris de nuit, kilitoka mwishoni mwa mwaka 1932 na kinahesabiwa kuwa msingi wa tawi hili. Alipiga picha za wafanyakazi wa usiku, polisi, wapenzi, makahaba na watu wasio na makazi. Inasimuliwa kwamba alipima muda wa kuacha lenzi wazi kwa kuvuta sigara: sigara ya aina moja palipokuwa na mwanga, na nyingine iliyodumu zaidi palipokuwa na giza.

Bill Brandt alitoa kitabu kuhusu usiku wa London mwaka 1938. Mjini New York, Arthur Fellig, aliyejulikana kama Weegee, alifuatilia ajali, moto na mauaji usiku kwa kamera yenye taa kali ya balbu, na kitabu chake Naked City kilitoka mwaka 1945. Brassaï alizungumza na watu wake na mara nyingine kuwaomba watulie. Weegee aliwakuta ghafla. Njia hizo mbili, ya makubaliano na ya kushtukiza, zinaendelea kutumika hadi leo.

Shinjuku, Japani

Shinjuku ni moja ya kata maalumu za Tokyo. Kituo chake cha treni huhesabiwa kuwa chenye abiria wengi kuliko vyote duniani, kikipitisha watu zaidi ya milioni 3 kwa siku. Upande wa mashariki wa kituo uko mtaa wa Kabukicho, wenye baa, kumbi za sinema, migahawa na biashara za burudani za usiku. Mtaa huo ulipewa jina lake mwaka 1948 kutokana na mpango wa kujenga jumba la maigizo ya jadi ya kabuki. Jumba hilo halikujengwa, lakini jina lilibaki. Karibu yake ipo Golden Gai, mkusanyiko wa vichochoro vyembamba vyenye baa ndogo zaidi ya 200, nyingi zikiwa na nafasi ya wateja wachache tu.

Mpiga picha anayetajwa zaidi kuhusu eneo hili ni Daido Moriyama, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuhamia Tokyo mwaka 1961. Alihusishwa na jarida la Provoke la miaka ya 1968 na 1969, ambalo lilikataa picha safi na zilizopangwa vizuri. Picha za kundi hilo zilikuwa na chenga nyingi, zilitikisika na hazikuwa na fokasi kamili. Kwa wakosoaji hizo zilikuwa kasoro. Kwa wapiga picha wenyewe zilionyesha jinsi jiji linavyoonekana kwa mtu anayepita haraka. Kitabu cha Moriyama chenye jina la Shinjuku kilitoka mwaka 2002.

Watanabe Katsumi (1941–2006) alifuata njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1960 alizunguka Kabukicho kila usiku na kuwapiga picha wahudumu wa baa, makahaba, wanaume waliovaa kike, wanamuziki na wahalifu. Hao walikuwa wateja wake: waliomba wenyewe kupigwa picha, walisimama walivyotaka, na usiku uliofuata aliwaletea nakala 3 kwa yeni 200. Picha hizo zilikusanywa katika kitabu mwaka 1973. Kazi yake inafanana na ile ya wapiga picha wa mitaani wa Afrika ya Mashariki, ambao kwa miaka mingi walizunguka kwenye sherehe, bustani na vivuko, wakapiga picha na kurudi na nakala kwa mteja.

Kohei Yoshiyuki alizua mjadala mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 alitumia filamu ya infraredi na taa isiyoonekana kwa macho kupiga picha za wapenzi katika bustani za Tokyo usiku, pamoja na watu waliojificha kuwachungulia. Picha hizo zilionyeshwa mwaka 1979. Wapo wanaoziona kuwa uchunguzi wa tabia ya kuchungulia, na wapo wanaosema kwamba mpiga picha mwenyewe alikuwa mmoja wa wachunguliaji.

Katika karne ya 21 kamera za dijitali zimeleta mtindo mwingine, wenye rangi kali za waridi, zambarau na buluu, miavuli, na mabango yanayoakisiwa kwenye lami iliyolowa. Mfano unaojulikana ni kitabu TO:KY:OO cha Mskoti Liam Wong, kilichotoka mwaka 2019. Mtindo huu umeenea kwenye mitandao ya kijamii na kuigwa katika miji mingi duniani.

Afrika

Barani Afrika picha maarufu za usiku za katikati ya karne ya 20 zilipigwa zaidi kwenye kumbi za starehe kuliko barabarani. Jean Depara (1928–1997), mzaliwa wa Angola, alifanya kazi Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa. Kuanzia mwaka 1954 alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, na usiku alizunguka katika baa na kumbi za dansi za jiji hilo. Nchini Mali, Malick Sidibé alipiga picha za vijana kwenye sherehe za usiku mjini Bamako. Picha yake ya mwaka 1963 ya kaka na dada wakicheza dansi usiku wa Krismasi inajulikana duniani kote. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote.

Nairobi

Katika karne ya 21 Nairobi imekuwa kitovu cha upigaji picha za mjini katika Afrika ya Mashariki. Mutua Matheka, aliyesomea usanifu majengo, amejulikana kwa picha za mandhari ya jiji, zikiwemo za usiku. Matatu zenye michoro, muziki na taa za rangi ni mada nyingine inayopendwa, kwa sababu gari lenyewe huleta mwanga wa kutosha kumulika abiria na wapita njia.

Mradi unaohusiana moja kwa moja na tawi hili ni Nairobi Noir wa Msingi Sasis, mpiga picha na mtengenezaji filamu wa Kenya. Neno noir ni la Kifaransa na lina maana ya "nyeusi". Hutumika pia kutaja filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950 zenye vivuli vizito. Picha za Sasis zinaonyesha wapita njia, wachuuzi na watu wa usiku katikati ya jiji, wengi wakiwa nusu gizani.

Mwaka 2015 Sasis alikamatwa na polisi alipokuwa akipiga picha usiku, akishukiwa kuhusika na ugaidi. Wakati huo Kenya ilikuwa bado na majeraha ya shambulio la jengo la biashara la Westgate la Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, na vyombo vya usalama viliwatazama kwa shaka watu waliopiga picha za majengo. Kukamatwa kwake kulizua mjadala kuhusu mipaka kati ya usalama wa taifa na haki ya raia kupiga picha katika jiji lake mwenyewe.

Zanzibar na Dar es Salaam

Mjini Zanzibar, bustani ya Forodhani iliyo mbele ya Mji Mkongwe hugeuka soko la chakula kila jioni. Taa za meza za wauzaji wa pweza, mishikaki na maji ya miwa, pamoja na moshi wa majiko, huwapa wapiga picha mwanga wa chini unaomulika nyuso kutoka mbele. Bustani hiyo ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa. Usiku wa Ramadhani watu huwa wengi zaidi mitaani, na shughuli huendelea hadi karibu na daku.

Jijini Dar es Salaam, eneo la Kariakoo lina biashara nyingi barabarani, na mwaka 2025 serikali ilizindua utaratibu wa biashara ya saa 24 katika eneo hilo. Taa zinapoongezeka na watu wakikaa mtaani hadi usiku wa manane, nafasi ya kupiga picha bila kutumia taa ya kamera nayo huongezeka.

Masumbwe na ukanda wa dhahabu

Masumbwe ni mji mdogo katika wilaya ya Mbogwe. Zamani ulikuwa sehemu ya wilaya ya Bukombe katika mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012, wilaya ya Mbogwe na mkoa wa Geita vilipoanzishwa, umekuwa chini ya Geita. Jina lake linahusiana na Wasumbwa, kabila la eneo hilo. Mji uko kwenye barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama kupitia Ushirombo na Lusahunga kwenda mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana, na kuzunguka mji yapo machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Miji ya namna hii haina mabango ya neoni kama ya Shinjuku, lakini ina vyanzo vingi vya mwanga ambavyo ni vidogo na viko karibu na watu: balbu moja juu ya meza ya chipsi, taa ya sola kwenye kibanda cha vocha, taa za bodaboda zilizojipanga kusubiri abiria, skrini za simu, na taa kali za lori linalokata kona. Mwanga huo hubadilika kila dakika. Umeme unapokatika, mtaa mzima hubaki na mwanga wa tochi, jenereta za maduka machache na majiko ya mkaa.

Hali ya hewa pia huathiri picha. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za pembeni hubaki hewani, na miale ya taa za magari huonekana kama mistari. Wakati wa mvua lami na madimbwi huakisi taa, jambo ambalo wapiga picha wa Tokyo hulitafuta kwa makusudi.

Kwenye machimbo, kazi ya usiku hufanywa kwa tochi za kichwani na taa za jenereta. Picha yenye mwanga mmoja unaotoka kwenye paji la uso wa mchimbaji ni ya kuvutia, lakini ni moja ya picha zinazohitaji tahadhari kubwa. Wamiliki wa maduara, wasagaji mawe na wanunuzi wa dhahabu wana sababu za kweli za kutotaka ijulikane nani yuko wapi na anabeba nini. Picha inayoonyesha duka la mnunuzi, uso wake na saa anayofunga inaweza kumsaidia jambazi.

Mbinu

Mwanga na muda

Wapiga picha wengi huanza kazi kabla ya giza kamili. Dakika chache baada ya jua kuzama, anga huwa na rangi ya buluu nzito na mwangaza wake hukaribiana na ule wa taa za mtaani, kwa hiyo kamera huweza kunasa vyote viwili. Muda huo hutofautiana kwa kufuata latitudo. Mjini Tokyo jua huzama karibu saa 10 na nusu jioni mwezi Desemba na karibu saa 1 jioni mwezi Juni, na wekundu wa magharibi hudumu kiasi. Masumbwe, iliyo karibu na ikweta, jua huzama karibu na saa 1 jioni mwaka mzima na giza huingia upesi. Muda mzuri wa anga ya buluu hauzidi sana dakika 20.

Mipangilio ya kamera

Wingi wa mwanga unaoingia kwenye picha hutegemea mambo matatu.

Tundu la lenzi ni nafasi ambamo mwanga hupita. Hutajwa kwa namba kama f/2 au f/4, na namba ndogo ina maana ya tundu kubwa zaidi. Lenzi iliyofunguliwa f/2 hupitisha mwanga mara 4 zaidi ya ile ya f/4. Kwa sababu hiyo wapiga picha wa usiku hupendelea lenzi zisizo na zoom, hasa za milimita 35 au 50, ambazo huweza kufunguka hadi f/2 au zaidi.

Kasi ya shata ni muda ambao kihisi cha kamera hupokea mwanga. Mtu anayetembea huhitaji takriban 1/125 ya sekunde ili asionekane kama ukungu. Mtu aliyesimama anaweza kupigwa kwa 1/30 ikiwa mpiga picha hatikisiki. Sekunde kadhaa hufaa kwa michirizi ya taa za magari, lakini huhitaji stendi ya miguu mitatu, ambayo huvuta macho ya watu na walinzi.

ISO ni kipimo cha unyeti wa kihisi. Kila namba inapozidishwa mara 2, kwa mfano kutoka 1600 hadi 3200, kamera huhitaji nusu tu ya mwanga. Gharama yake ni chenga, yaani vidoadoa vinavyoonekana hasa kwenye sehemu za giza.

Kwa mfano, mbele ya mabango yenye mwanga mwingi, ISO 3200 na f/2 huweza kuruhusu kasi ya 1/500 au zaidi. Katika barabara yenye taa za kawaida kasi hushuka hadi karibu 1/250. Penye balbu moja tu ya kibanda huweza kufika 1/30, na hapo mpiga picha huegemea ukuta au nguzo, au husubiri mtu atulie.

Kupima mwangaza

Kosa la kawaida ni kuiachia kamera iamue yenyewe. Kamera ikiona giza jingi hudhani picha ina upungufu wa mwanga, kwa hiyo huongeza mwangaza mpaka usiku hufanana na alasiri na taa hugeuka madoa meupe. Wapiga picha wazoefu hupima sehemu inayong'aa, kama uso ulio chini ya balbu, na kuacha sehemu nyingine ziwe nyeusi.

Ngozi nyeusi huhitaji uangalifu wa pekee. Filamu nyingi za rangi za karne ya 20 zilisanifiwa kwa kutumia picha za watu weupe kama kipimo, na nyuso za watu weusi zilipoteza maelezo yake kwenye mwanga hafifu. Vihisi vya kisasa vina uwezo mkubwa zaidi, lakini kanuni haijabadilika: tafuta mwanga unaotoka pembeni na kung'aa kwenye shavu na paji la uso, kuliko kuongeza mwangaza wa picha nzima. Mwanga wa jiko la mkaa au wa dirisha la duka hufaa kuliko taa ya kamera inayopiga uso moja kwa moja.

Rangi

Kila taa ina rangi yake. Kibatari, karabai na moto hutoa mwanga wa manjano. Balbu nyingi za LED za bei nafuu hutoa mweupe unaoelekea buluu. Taa za zamani za sodiamu za barabarani hutoa rangi ya chungwa. Zikichanganyika katika picha moja, haiwezekani kuzisahihisha zote. Baadhi ya wapiga picha huziacha zilivyo, na wengine hugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe.

Simujanja

Simu nyingi za kisasa zina hali ya usiku ambayo hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Njia hii hupunguza chenga, lakini mtu anayetembea anaweza kutokea akiwa na kivuli maradufu. Faida kubwa ya simu ni kwamba haishtui: mtu mwenye simu mkononi ni wa kawaida katika kila mtaa. Sifa hiyohiyo huifanya iwe chombo rahisi cha kuwapiga watu picha kwa siri. Nchini Japani watengenezaji waliamua kwamba simu zinazouzwa humo zitoe mlio kila zinapopiga picha, ili kuzuia tabia hiyo.

Sheria

Katika nchi nyingi kupiga picha mahali pa wazi si kosa, lakini haki hiyo ina mipaka.

Nchini Japani, Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1969 kwamba kila mtu ana uhuru wa kutopigwa picha ya uso au umbo lake bila ridhaa na bila sababu ya msingi. Mwaka 2023 ilianza kutumika sheria ya taifa inayoadhibu upigaji wa siri wa picha za faragha za mwili.

Nchini Kenya, katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31 na uhuru wa kujieleza katika ibara ya 33. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 kamishna wa ulinzi wa data aliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka kwenye mtandao picha ya mteja wake bila ridhaa yake. Uamuzi huo ulionyesha kwamba mtu aliyetoka kujiburudisha usiku hajapoteza haki juu ya sura yake.

Nchini Tanzania, ibara ya 16 ya katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha na ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inaweka masharti kuhusu maeneo yanayolindwa, na kwa kawaida kupiga picha za kambi za jeshi, vituo vya polisi na miundombinu nyeti bila kibali huleta matatizo. Usiku, mpiga picha anaweza asitambue kwamba jengo lililo nyuma ya mtu anayempiga ni la namna hiyo.

Maadili

Mjadala wa maadili katika tawi hili unahusu hasa watu ambao usiku ndio mahali pao pa kazi au pa kulala: wahudumu wa baa, wanaofanya biashara ya ngono, watoto wa mitaani, walevi, walinzi na wachuuzi wasio na leseni. Wote huvutia kamera, na wote wanaweza kuumia. Picha ya mama anayeuza chakula mbele ya baa inaweza kuwa sifa ya bidii yake mjini, na kuwa aibu kwa wakwe zake kijijini. Picha ya mtoto anayesafisha mawe ya dhahabu usiku inaweza kuwa ushahidi wa kosa la kisheria dhidi ya mwajiri wake, lakini ikionyesha uso wake inaweza pia kumletea kisasi.

Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania lipo jambo jingine la uhai na kifo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino katika mikoa ya kanda hiyo wameuawa au kukatwa viungo kutokana na imani za kishirikina, zikiwemo zile zinazodai kuleta utajiri wa madini na uvuvi. Picha ya mtu mwenye ualbino inayotaja mahali anapoishi, au faili lake likiwa limehifadhi majira ya ramani ambayo simu huyaandika yenyewe, inaweza kumweka hatarini. Kwa hiyo inashauriwa kuzima huduma ya mahali kwenye simu na kuondoa taarifa hizo kabla ya kusambaza picha.

Kanuni zinazofuatwa na wapiga picha wengi ni hizi:

- Kusalimu kwanza na kueleza kusudi, hasa katika mji mdogo ambamo mgeni hutambulika mara moja.
- Kuomba ridhaa kabla ya kupiga, au mara tu baada ya kupiga kama tukio lilikuwa la ghafla, na kufuta picha mhusika akikataa.
- Kutompiga mtu aliyelala, aliyelewa au aliyejeruhiwa kwa namna inayomtambulisha.
- Kupata ruhusa ya mzazi au mlezi kwa picha ya mtoto.
- Kupata ruhusa ya mwenye eneo kwenye machimbo, maghala na vituo vya mafuta.
- Kumpelekea mhusika nakala, kama ilivyoahidiwa.

Wapo wanaopinga kanuni ya kuomba kwanza, wakisema kwamba mtu akishajua anapigwa picha hubadilika, akapanga uso na kusimama wima. Wengine hujibu kwa mfano wa Watanabe Katsumi, ambaye watu wake walijipanga wenyewe na bado waliacha kumbukumbu ya kina ya usiku wa mtaa wao.

Usalama wa mpiga picha

Kamera ni mali ya thamani, na usiku humtambulisha mwenye nayo. Wapiga picha hupunguza hatari kwa kutembea wawili, kwa kuacha mfuko wa kamera nyumbani na kubeba kamera moja yenye lenzi moja, na kwa kufahamiana mapema na walinzi, madereva wa bodaboda na wauzaji wa eneo. Katika mji mdogo wa Tanzania, kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji kabla ya kuanza kazi humkinga mgeni dhidi ya kudhaniwa kuwa mwizi, kelele za "mwizi!" usiku zinaweza kuleta kipigo cha umati kabla maelezo hayajasikilizwa.

Kando ya barabara kuu hatari nyingine ni magari. Dereva wa lori hawezi kumwona kwa urahisi mtu aliyevaa nguo nyeusi na kuchutama ukingoni mwa lami. Taa ya kamera haipaswi kupigwa kuelekea kwa dereva wa gari au pikipiki inayokuja, kwa kuwa humpofusha kwa muda.

Umuhimu

Picha za mtaani za usiku ni kumbukumbu ya sehemu ya maisha ya mji ambayo mara chache huingia katika picha rasmi. Picha za Brassaï na Watanabe zinatumika leo na wanahistoria kujua watu walivaa nini, walikula wapi na biashara gani zilikuwepo katika mitaa ambayo imebadilika kabisa. Miji ya ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga nayo hubadilika haraka: kambi ya wachimbaji inaweza kukua kuwa mji ndani ya miaka michache, au kuhamwa dhahabu inapoisha. Nyingi za picha zake hupigwa kwa simu na kubaki kwenye simu hizo, na hupotea simu inapoibiwa au kuharibika. Kuchapisha nakala, kuandika tarehe na mahali, na kuhifadhi faili zaidi ya sehemu moja ni njia rahisi za kuzifanya zidumu.